Pesa zimepanda, wateja wako wapi? Mwongozo kamili wa kupima mikahawa yenye matawi

Kila baada ya wiki mbili tatu huletewa jedwali lilelile. Wengine hulipiga picha kwa simu, wengine hulichapa vizuri kabisa, lakini safu ni tatu: tarehe, tawi, mauzo. Chini kuna jumla iliyopigiwa mistari miwili, na swali: "Kaka, tunakua au hatukui?"

Jedwali hilo haliwezi kujibu. Pesa ya siku hutokana na mambo mawili: wamekula watu wangapi, na kila mmoja ameacha shilingi ngapi. Ukiandika jumla peke yake, moja linaweza kuporomoka huku lingine likilifunika, nawe ukaendelea kununua viti vipya. Waliotuambia mali bila daftari hupotea bila habari hawakutaja kwamba daftari lenye safu moja nalo hupoteza mali, tena taratibu.

Mwongozo huu ni wa mwenye matawi mawili hadi kumi, Kampala, Jinja, Mbarara au Arua. Tenga wiki nane. Ukiwa na haraka ya wiki moja, subiri kwanza.

## Vitu vya kuandaa

Daftari gumu moja kwa kila tawi. Daftari la pamoja ndiko matatizo huanzia, kwa hiyo usilitumie.

Ripoti za mauzo za mwaka mmoja uliopita. Waliosajiliwa kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, wana nafuu, maana tangu 2021 risiti zao hupitia mfumo wa EFRIS wa mamlaka ya mapato, URA, na kumbukumbu zipo.

Vikaratasi vya oda vya jikoni, hata vile vya zamani vyenye mafuta. Usivichome. Utaona kazi yake.

Menyu ya mwaka jana yenye bei. Ikiwa iliandikwa ubaoni na kufutwa, tafuta picha kwenye simu za wahudumu, haikosi.

Makopo mawili na maharagwe makavu mia tatu kwa kila mlango. Sifanyi mzaha.

Kadi za mihuri zenye namba, saa ya simu, na mtu mmoja wa kuhesabu ambaye si keshia wala si jamaa ya keshia.

## Hatua ya 1: Kubalianeni mteja ni nani

Hapa ndipo wengi huanguka, na huanguka bila kujua. Tawi moja huhesabu bili, jingine watu, la tatu meza. Mwisho wa mwezi hulinganishwa kama vile ni kitu kimoja.

Bili si mteja. Ijumaa baada ya swala, watu watano wanakaa meza moja, mmoja wao analipa, risiti inatoka moja. Jumatano watano walewale wanakuja kila mtu na saa yake, risiti tano. Ukihesabu bili, Jumatano ina wateja mara tano ya Ijumaa.

Kanuni ninayotumia: kichwa kimoja ni mtu mmoja aliyepata mlo. Mlo uliofungwa wa kubeba ni kichwa kimoja. Chai na chapati ni mlo. Soda peke yake si mlo, iandikwe pembeni. Mtoto anayekula kwenye sahani ya mama yake hahesabiwi. Unaweza kuwa na kanuni nyingine, mradi iandikwe ukurasa wa kwanza wa kila daftari na isibadilike katikati ya mwaka.

Utajua umefaulu pale watu wawili watakapohesabu saa ileile, bila kuonana, wakaleta namba moja au zenye tofauti ya mtu mmoja wawili.

## Hatua ya 2: Hesabu vichwa

Sasa makopo. Kopo la kushoto lina maharagwe, la kulia ni tupu. Kila anayeingia kula, punje moja inahama. Askari wa mlangoni anaweza, hata aliye na shughuli nyingine, kwa sababu mkono hausahau kama kichwa kinavyosahau. Kalamu huishiwa wino, simu hupigwa katikati ya kuhesabu, lakini punje iliyohama imehama.

Mwaga kopo la kulia mara tatu kwa siku: saa tano asubuhi, saa kumi jioni, na wakati wa kufunga. Andika namba tatu, kwa sababu mteja wa katogo (matoke yaliyopikwa pamoja na kitoweo) asubuhi si mteja wa pilau mchana, na mmoja anaweza kutoroka mwingine akabaki.

Onyo: usimpe keshia kazi hii. Simtuhumu mtu. Ila keshia ndiye anayepokea pesa, na hesabu ya vichwa ndiyo inayomkagua. Mtu hawezi kujishikia tochi na kujipekua mwenyewe.

Pima ukweli wa maharagwe kwa vitu vinavyohesabika. Kreti ya soda ina chupa 24. Sufuria ya pilau ina sahani unazozijua. Ikiwa vichwa vya mchana ni 90 na jikoni limetoa sahani 118, mlango umelala. Ikiwa sahani ni 118 na risiti ni za milo 97, tatizo liko kwenye droo ya pesa, na hapo usiendelee na mwongozo huu mpaka umelimaliza.

Tofauti isiyozidi watano kwa kila mia inatosha. Hatupimi dhahabu.

## Hatua ya 3: Safisha mauzo

Kwanza toa VAT. Ni asilimia 18, na kosa lake ni moja: watu huchukua bei ya mwisho wakatoa asilimia 18. Mlo uliolipiwa 23,600 una 20,000 zako na 3,600 za serikali. Gawanya kwa 1.18. Ukitoa asilimia 18 ya 23,600 unapata 19,352, na umejidhulumu shilingi 648 kwenye karatasi kwa kila mlo.

Pili, mauzo ya kupelekewa nyumbani yaandikwe kwa kiasi kilichoingia mkononi mwako baada ya programu ya oda kukata ada yake, wala si kwa bei aliyolipa mteja. Yape safu yake. Programu hizo huondoka pia: Jumia Food ilifungwa Uganda mwishoni mwa Desemba 2023. Mkahawa ambao kumbukumbu zote za wateja wa nyumbani ziko ndani ya programu ya mtu mwingine, siku hiyo ikifungwa huanza upya.

Tatu, deni la ofisi zinazolipa mwisho wa mwezi liandikwe siku chakula kilipoliwa. Pesa ya simu na pesa taslimu ziandikwe mbalimbali. Hatua hii ni ya kuchosha tu, haina ujanja.

## Hatua ya 4: Linganisha tawi na lenyewe

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo Hajati mmoja aliponifundisha kuliko nilivyomfundisha.

Alikuwa na matawi mawili mjini Kampala, Kisenyi na Wandegeya, akafungua la tatu Old Kampala, upande wa Msikiti wa Gaddafi. Namba zake za Septemba nimezibadilisha kidogo na kuziweka sawasawa ili asitambulike. Mwaka wa kwanza: Kisenyi milioni 42, Wandegeya milioni 36, jumla 78. Mwaka uliofuata: Kisenyi 39, Wandegeya 34, Old Kampala 21, jumla 94.

"Mwanangu, tumepanda asilimia ishirini," aliniambia, na alikuwa ameshaanza kuulizia chumba cha tawi jingine, mtaa wa Ntinda.

Nikamwomba tufunike mstari wa Old Kampala kwa kidole. Matawi yaliyokuwepo miaka yote miwili yalitoka 78 hadi 73. Hayo ndiyo ya kulinganisha, na yameshuka zaidi ya asilimia 6.

Kisha tukachukua menyu mbili, ya zamani na mpya. Bei zilikuwa zimepanda takriban asilimia 8. Kwa hiyo 73 ya mwaka huu, kwa bei za mwaka jana, ni 73 gawanya kwa 1.08, yaani milioni 67.6. Kutoka 78 hadi 67.6, chakula kilichouzwa kimepungua asilimia 13. Hajati hakusema kitu. Alivuta kikombe cha chai, akakirudisha bila kunywa.

Hakuwa na hesabu ya vichwa ya mwaka jana. Alikuwa na gunia. Ndani ya gunia, vikaratasi vya oda vya jikoni vya Kisenyi, vimefungwa kwa mpira kila siku peke yake, vinanuka vitunguu. Tulihesabu sahani za mlo za mwezi mzima, jioni mbili, mimi na binti yake. 4,200 mwaka jana, 3,600 mwaka huu. Watu 140 kwa siku wamekuwa 120. Kila mmoja alikuwa anaacha 10,000, sasa anaacha 10,800 na kitu. Bei mpya ilikuwa imewaziba wale ishirini waliotoweka.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Chukua matawi yenye umri wa zaidi ya mwaka tu. Linganisha mwezi na mwezi uleule wa mwaka jana. Gawanya kwa kupanda kwa bei za menyu yako mwenyewe. Halafu angalia vichwa na wastani wa kila kichwa, kila kimoja peke yake. Takwimu za bei zinazotolewa kila mwezi na Shirika la Takwimu la Uganda, UBOS, zitumie kujua kama umepandisha bei kuliko maisha yalivyopanda; kwa hesabu ya ndani, menyu yako ndiyo kipimo.

Tahadhari za kalenda. Ramadhani hurudi nyuma takriban siku kumi na moja kila mwaka. Aprili 2023 ilikuwa na kama siku ishirini za Ramadhani, Aprili 2024 ilikuwa na tisa hivi. Tawi lenye wateja Waislamu wengi litaonekana limefufuka mchana wa Aprili 2024, na si hivyo hata kidogo. Linganisha Ramadhani na Ramadhani, na hapo tenganisha mchana na futari.

Wandegeya hufuata Chuo Kikuu cha Makerere. Wiki wanafunzi wakiwa likizo usiilinganishe na wiki ya mihula. Tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi, tawi lililo njia ya Namugongo, wanakoenda mahujaji, huuza mpaka sufuria zinalia; siku hiyo ing'oe kwenye wastani. Wiki ambazo wazazi wanalipa karo, mifuko ni mepesi kila tawi. Mvua ya saa saba mchana iandikwe, umeme ukikatika uandikwe, barabara ikichimbwa iandikwe. Neno moja pembeni linatosha: "mvua".

Na linganisha Jumanne na Jumanne. Mwezi wenye Ijumaa tano hauwi sawa na wenye Ijumaa nne.

## Hatua ya 5: Jua nani anarudi

Kichwa kinachohesabiwa mlangoni hakina jina. Watu 120 wanaweza kuwa walewale kila siku, au wageni wapya kila siku ambao hawarudi. Biashara hizi mbili hazifanani.

Njia rahisi ni kadi ya mihuri: milo tisa, wa kumi bure. Kila kadi ina namba, na muhuri una tarehe. Andika namba ya kadi kila inapogongwa. Huhitaji jina wala namba ya simu. Ukiamua kukusanya namba za simu, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakuhusu: mteja akubali, ajue unaitumia kwa nini, na usiigawe. Nimeona madaftari ya majina na simu yameachwa wazi kaunta, kila mtu anafunua. Usifanye hivyo.

Hesabu kwa makundi. Kadi zote zilizotolewa Machi ni kundi la Machi. Tuseme ni 200. Ndani ya siku 30 baada ya kutolewa, 70 zimegongwa tena angalau mara moja. Hiyo ni 35 kwa mia. Kundi la Aprili lipimwe kwa siku 30 vilevile. Kosa la kawaida ni kulinganisha kundi lenye miezi mitatu na lenye wiki mbili, kisha kusema wateja wapya ni wasaliti.

Kadi huvutia wapenzi wa mkahawa kuliko wapita njia, na nyingine hufuliwa ndani ya suruali. Kwa hiyo 35 si ukweli wa wateja wote. Thamani yake ni mwelekeo: 35, 36, 31, 27 ni kengele.

## Hatua ya 6: Uliza, lakini si "unaonaje chakula?"

Mhudumu akimwuliza mteja kama chakula ni kizuri, mteja atasema kizuri. Ni adabu. Atasema kizuri huku ameacha nusu ya posho (ugali), na kesho haji.

Uliza alichofanya, usiulize anachohisi. Maswali matatu yanatosha, kwa Kiswahili au Kiganda, chochote anachoongea:

1. Jana mchana ulikula wapi?
2. Kabla ya kuanza kuja hapa, chakula cha mchana ulikuwa unakula wapi?
3. Leo umekuja kutoka wapi, kwa miguu au kwa boda?

Aulize mtu asiyevaa sare ya mkahawa. Agawe mahojiano kwa saa zote na siku zote, asisubiri wenye sura ya upole.

Idadi: ukihoji 100 na 30 wakasema jambo, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 21 na 39. Ukitaka pengo la pointi tano tu kila upande, hoji 400 hivi. Kwa mkahawa, 100 kwa kila tawi zinatosha kufanya uamuzi, mradi usibishane juu ya 30 na 33.

Swali la pili ndilo lililomwuma Hajati. Old Kampala, watu 30 kati ya 100 walisema walikuwa wanakula Kisenyi, kwake mwenyewe. Asilimia 30 ya milioni 21 ni milioni 6.3. Pesa hizo zilivuka barabara tu, na huko zinalipa kodi ya jengo la pili.

Pia tazama sahani zinazorudi. Simama kwenye karai la kuoshea kwa saa moja, weka alama kila sahani yenye chakula zaidi ya robo, na uandike ni chakula gani. Saa moja pale ilinieleza mengi kuliko dodoso zima: binyebwa, mchuzi wa karanga, ilikuwa inarudi Jumatatu na Jumanne tu, siku za mpishi wa zamu ya pili.

## Hatua ya 7: Pima mtaa

Sehemu ya soko ya Uganda nzima haikuhusu. Soko lako ni umbali ambao mtu mwenye njaa yuko tayari kutembea juani.

Chagua majirani wanne wa daraja lako. Siku mbili kwa mwezi, Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane na nusu mchana, mtu mmoja kwa kila mlango ahesabu wanaoingia. Akae mahali pa halali, anunue soda ya watu, asipige picha. Mfano: wewe 86, wao 94, 61, 120 na 39. Jumla 400, fungu lako ni 21.5 kwa mia.

Namba hii inatenga mambo mawili ambayo mauzo hayatengi. Mtaa wote ukishuka nawe ukabaki 21, tatizo ni la mtaa. Mtaa ukisimama nawe ukashuka hadi 16, wateja wapo, wamekuhama. Wandegeya, vibanda vya rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) na kikomando (chapati na maharagwe) vihesabu kwenye ukurasa wake. Si daraja lako, lakini mwanafunzi ana mfuko mmoja.

Siku hiyohiyo andika bei za sahani tano kwa kila jirani: wali na nyama, pilau, matoke na binyebwa, chapati na maharagwe, chai ya maziwa. Na pima dakika tangu oda hadi sahani kufika, kwako na kwao.

## Hatua ya 8: Viti na saa

Kwa ufupi. Viti 48 kwa saa mbili za mchana ni viti-saa 96. Ukiuza 900,000, kila kiti kimezaa 9,375 kwa saa. Fanya hivyohivyo kwa jioni. Ikiwa mchana watu wanasimama wakisubiri na jioni viti vinapigwa na vumbi, tawi kubwa zaidi si dawa.

## Hatua ya 9: Karatasi ya Jumatatu

Kila Jumatatu, ukurasa mmoja kwa kila tawi: vichwa, wastani wa kichwa bila VAT, mabadiliko dhidi ya wiki ileile mwaka jana kwa bei za mwaka jana, kadi zilizorudi, na neno la hali ya hewa au tukio. Fungu la mtaa huongezwa mara moja kwa mwezi. Ikifika kurasa mbili, hakuna atakayeisoma.

Ukiona tatizo, badilisha jambo moja kwa tawi moja, ngoja wiki nne, na tawi lingine liache kama lilivyo ili uwe na cha kulinganisha. Ukipunguza bei, ukabadilisha mpishi na kupaka rangi wiki moja, hutajua kilichosaidia.

Kisenyi tulikuta sahani inachukua dakika 24 saa saba mchana, na kwa jirani 9. Hajati hakugusa bei. Aliagiza sufuria ya pilau iingie motoni saa moja mapema na wali upakuliwe kwa mtu wa pili. Wiki ya sita kopo la kulia lilikuwa linatoa punje 131 kwa siku, kutoka 120. Chumba cha Ntinda amekiacha. Kuhusu Old Kampala bado tunabishana. Yeye anasema Ijumaa zinalipa, mimi namsubirisha mpaka Ramadhani mbili zipite ndani ya daftari.